Gari Lililokataa Kuwaka Mchana

Kaka yangu mkubwa alikuwa akifanya kazi nchi za Ghuba, na katikati ya miaka ya tisini alimtumia baba gari. Halikuwa lori wala Landrova. Lilikuwa gari dogo la kijivu, la Kijapani, lililokwisha kutumiwa na wengine kwa miaka mingi, lenye usukani wa kulia kama magari ya kwetu, viti vya kitambaa na kibandiko cha Kiarabu kwenye kioo cha nyuma. Liliteremshwa Mombasa, likaletwa na dereva wa kukodi hadi Garissa, likaegeshwa ndani ya ua wetu mtaani Iftin. Baba alitoka barazani, akaliendea polepole, akapitisha kiganja chake kutoka boneti hadi buti. Akagonga bati mara mbili kwa kifundo cha kidole, akasema, “Mashallah,” kisha akarudi kukaa. Hakuligusa tena kwa muda mrefu.

Kaka hakujua kwamba baba alikuwa haoni tena. Baba mwenyewe alikuwa ametukataza tusimwambie mtu wa mbali. Maisha yake yote alikuwa dereva wa lori. Aliendesha Garissa hadi Wajir, Wajir hadi Mandera, akipitia Elwak na shehena ya sukari na unga, akirudi na mbuzi na ngozi. Macho yalipoanza kumtoka alisema amechoka na barabara, nasi tukamwamini. Tulipogundua, daktari alituambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwenda hakirudi. Tangu siku hiyo baba alipunguza maneno. Alisali, alikula kidogo, alisikiliza redio, na mtu akimsalimu alijibu salamu kamili kisha akanyamaza.

Kwa hiyo gari likawa langu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kulitumia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijaolewa bado, na shule yetu ilikuwa mbali na nyumbani. Binamu yangu alinifundisha kuendesha kwenye uwanja mtupu upande wa kiwanja cha ndege. Wanawake walioendesha magari Garissa wakati huo walijulikana kila mmoja, na baada ya miezi michache nami nikajulikana. Baba hakunikataza wala hakunipongeza. Ila alikataa katakata kupanda. Nilimwomba nimpeleke msikitini, akasema jirani atamshika mkono. Nilipomwomba nimpeleke hospitali, alimwita mwenye mkokoteni wa punda. Siku moja nikamuuliza kwa nini.

“Sijakaa upande wa kushoto wa gari tangu nilipoacha kuwa taniboi,” akasema.

Alimaanisha ujana wake, alipokuwa msaidizi wa dereva, yule wa kuruka chini kuweka jiwe nyuma ya gurudumu. Sikumwomba tena.

Ugonjwa wa gari ulianza msimu wa joto kali kabla ya mvua. Nilitoka darasani mchana, nikaingia, nikageuza ufunguo. Stata ilizunguka kwa nguvu, bila uvivu hata kidogo, lakini injini haikushika. Nikajaribu tena na tena. Walimu wenzangu wakasukuma, wakatokwa jasho, hatukufika popote. Nikaenda nyumbani kwa miguu. Jioni niliporudi kulichukua, liliwaka kwa mguso wa kwanza, kana kwamba hakukuwa na ubishi wowote baina yetu.

Siku chache baadaye likanigomea sokoni, saa ya jua la utosi, mbele ya watu wote. Wanaume wakakusanyika. Kila mmoja alikuwa na tiba yake.

“Mwalimu, betroli iko na maji,” alisema mmoja.

“Hii ni gari ya kombyuta,” akasema mwingine. “Gari ya kombyuta haitaki fumbi.”

Wa tatu akamwambia mwenzake kwa Kisomali, bila kushusha sauti, kwamba huenda gari halipendi kushikwa na mwanamke. Nilimgeukia nikamwuliza, kwa Kisomali hicho hicho, kama lori lake yeye halijawahi kulala njiani. Watu wakacheka, naye akacheka, na ndiye aliyeshika nafasi ya mbele kwenye kusukuma. Walinisukuma kutoka sokoni mpaka Iftin. Nilikaa nyuma ya usukani ndani ya buibui langu, nimelowa, kidevu juu, nikiwasalimu majirani kana kwamba ndivyo nilivyopanga kusafiri.

Walipoondoka nilibaki uani peke yangu na hasira. Nikageuza ufunguo tena. Stata ikalia, injini kimya. Nikageuza tena, na tena.

“Acha!” ilitoka sauti barazani.

Nilishtuka. Kwa zaidi ya mwaka sikuwa nimemsikia baba akipaza sauti.

“Unaua betri, aabo,” akasema. Kwetu, baba humwita mtoto kwa neno lile lile ambalo mtoto humwitia yeye. Nami nilikuwa ‘aabo’ wake kama yeye alivyokuwa wangu. Tulizungumza Kisomali siku zote, na maneno yake naweza kuyaandika hapa kwa Kiswahili tu.

“Lakini betri ni nzima, inazungusha,” nikamjibu.

“Nimesikia kwamba inazungusha. Mimi ni kipofu, si kiziwi.”

Mama, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alisimamisha mikono. Ilikuwa mara ya kwanza baba kulitamka neno hilo juu yake mwenyewe. Yeye mwenyewe alionekana hakutambua. Alikuwa tayari amesimama, anapapasa ukuta kuja kwenye gari.

Aliniambia kwamba injini ya petroli huhitaji mambo matatu tu: hewa, moto na mafuta. Hewa ipo bure. Tutazame moto. Akanielekeza nichomoe waya mmoja wa plagi, nifungue plagi yenyewe, niirudishe kwenye waya wake kisha niilaze juu ya chuma cha injini, nisiishike kwa mkono mtupu. Mtu mwingine alihitajika kwenye ufunguo, na mtu mwingine aliyekuwepo ni mama. Mama akaingia nyuma ya usukani kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake. Akasema bismillahi kwa sauti kubwa, akageuza ufunguo kama anayefungua mlango wa chumba chenye nyoka.

Niliona cheche ya buluu ikiruka kwenye ncha ya plagi. Baba alisikia, tat, tat, tat.

“Moto upo,” akasema. “Sasa mafuta. Kabureta iko wapi?”

“Haina kabureta, aabo.”

“Kila gari lina kabureta.”

Nikamweleza kile kidogo nilichoelezwa na dereva aliyelileta: kwamba gari hili ni la injeksheni, kwamba mafuta husukumwa kwa nguvu na pampu ya umeme mpaka kwenye nozeli, na nozeli hunyunyiza ndani ya injini kwa amri ya kompyuta. Akauliza pampu iko wapi. Nikamwambia iko ndani ya tangi.

“Umeme? Ndani ya petroli?”

“Ndiyo.”

“Astaghfirullah,” akasema baba, akarudi nyuma hatua.

Tulipomaliza ubishi huo na kurudisha plagi mahali pake, adhana ya Alasiri ilikuwa imekwisha. Nikajaribu mara moja zaidi. Likawaka.

Baba alikuwa na jibu tayari. Katika njia ya Wajir, alisema, joto likizidi, petroli huchemka ndani ya bomba na kugeuka mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke. Dawa yake ni gunia la maji. Kesho yake likagoma tena mchana. Baba akanielekeza nifungue boneti, nifunike mabomba ya mafuta kwa gunia lililolowekwa, tungoje. Tukangoja, tukanywa chai kwenye kivuli. Likawaka. Keshokutwa vivyo hivyo. Baba alitembea uani siku hiyo bila kupapasa ukuta, na usiku nilimsikia akimsimulia mama habari za lori lililochemka mafuta karibu na Elwak, na dereva wake aliyeliogesha kwa maji yote ya abiria.

Kisha ikaja siku gunia halikusaidia. Tulimwaga maji mpaka mama akalalamikia pipa lake. Mabomba yakapoa hata nikaweza kuyakumbatia. Gari halikuwaka. Baba akakaa kitako kwenye ukingo wa baraza.

Nikaenda kumwita fundi wa gereji, mtu wa Mwingi, kijana mpole aliyekuwa ameajiriwa kutengeneza malori ya msaada. Alifungua bomba kwenye chujio la mafuta kwa uangalifu, kitambaa kikiwa chini, akamwambia mama ageuze ufunguo. Mama alikataa. Akageuza jirani. Bomba lilikuwa kavu.

“Mwalimu, pampu imekufa,” fundi akaniambia. “Mafuta haifiki hapa kabisa.”

Hata baba alikubaliana naye. Pampu iliagizwa Nairobi, ikaja na basi imeviringishwa kwenye gazeti, ikafungwa ndani ya tangi. Gari likawaka, tukafurahi. Siku ya tatu, saa saba mchana, likagoma tena kwa mtindo ule ule.

Fundi aliinama juu ya injini kwa muda mrefu. Alikuwa mkweli. Wengine wangetafuta kitu kingine cha kubadilisha.

“Mzee,” akamwambia baba kwa Kiswahili, “mimi sasa sijui. Siwezi kukudanganya.”

“Hata mimi sijui,” baba akamjibu kwa Kiswahili chake cha malori, kisichojua kutamka ‘pampu mpya’. “Bambu mbya, shida ya zamani.”

Nilikuwa nimechoka. Jioni hiyo nilimwambia mama jikoni kwamba nitaliuza kwa yeyote atakayelichukua, nirudie miguu yangu. Mama alikuwa akipuliza makaa. Hakuinua kichwa.

“Usiuze kwanza.”

“Kwa nini, hooyo? Halina faida.”

“Tangu gari hili liugue, baba yako ameomba chai mara ya pili. Amegombana na mimi kuhusu pipa. Mwaka mzima sikuwa na mtu wa kugombana naye.” Akapuliza tena. “Liache liugue kidogo.”

Sikuwa nimeliona hilo. Nilikuwa nikimtazama baba kila siku, nikaona gari tu. Nililala na maneno ya mama, na asubuhi sikumtafuta mnunuzi.

Wiki iliyofuata, siku ya mapumziko, nilitaka kwenda kumtembelea rafiki mchana. Gari lilikuwa limekaa juani uani, madirisha yamefungwa. Likakataa. Safari hii sikwenda kuchota maji. Nilitoka, nikaacha milango yote minne wazi, nikaingia ndani kulala kwa hasira. Upepo wa mchana ulivuma, ule wa mchanga unaopeperusha mapazia. Nilipoamka nilienda kufunga milango vumbi lisijae, nikageuza ufunguo kwa mazoea tu. Likawaka. Jua lilikuwa bado kali.

Nikamwendea baba barazani, nikamwambia.

“Uliweka gunia?” akauliza.

“Hapana.”

“Boneti ulifungua?”

“Sikuligusa.”

“Ulifanya nini?”

“Sikufanya kitu. Niliacha milango wazi tu.”

Midomo yake ilikuwa ikisogea kidogo, kama anayesoma dua, lakini haikuwa dua. Kisha akasimama.

“Basi injini haina kosa,” akasema. “Wala tangi. Tumekuwa tukipoza mgonjwa asiye mgonjwa. Kinachochemka kiko ndani, pale unapokaa wewe. Kuna nini mle ndani?”

“Viti. Redio. Usukani.”

“Na chini ya usukani?”

Sikujua. Sikuwahi kuinama kutazama.

Asubuhi iliyofuata, kungali baridi, baba alivua koti lake, akafunga kikoi vizuri, akalala chali kwenye sakafu ya gari upande wa dereva, miguu ikitoka nje kupitia mlangoni. Mtu mzima wa heshima zake, ndevu zimetiwa hina, kichwa chini ya dashibodi. Majirani wawili walisimama kwenye lango wakitazama. Mimi nilikaa upande wa kushoto, nikanyoosha mkono kushika ufunguo.

“Washa umeme tu. Usizungushe stata,” akasema.

Nikawasha.

“Zima. Washa. Zima.”

Vidole vyake vilikuwa vikitembea juu, kwenye waya na vijisanduku vilivyofungwa huko kwenye giza, vikigusa kimoja kimoja.

“Washa.” Akatulia. “Hapa. Kuna kitu kimenipiga kidole.”

Kilikuwa kisanduku kidogo chenye waya nyingi. Kila nilipowasha umeme kilitoa mlio mdogo wa ‘tik’ uliosikika na kuhisika kidoleni. Baadaye fundi wa Mwingi alituambia kinaitwa rilei: swichi inayopokea amri ya ufunguo na kupeleka umeme kwenye pampu.

“Washa tena, halafu usipumue,” akasema baba.

Nikawasha. Tik. Kisha baba akainua kidole kimoja hewani.

“Unasikia? Huko nyuma.”

Mwanzoni sikusikia kitu. Aliniambia nirudie. Ndipo nikausikia: mvumo mwembamba kutoka chini ya kiti cha nyuma, kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa, uliodumu kitambo kidogo ukakatika. Ilikuwa pampu, ikijaza mafuta kabla ya injini kuanza. Kwa miezi yote niliyoendesha gari lile, kila asubuhi, mvumo ule ulikuwapo na sikuwahi kuusikia.

Tukafunga madirisha, tukaliacha juani. Baada ya sala ya Adhuhuri tukarudi. Ndani kulikuwa kama tanuri, usukani haushikiki. Baba alilala tena mahali pale pale bila kulalamika.

“Washa.”

Tik.

Tukangoja. Nyuma kimya kabisa.

“Washa tena.”

Tik. Kimya.

Alianza kucheka akiwa bado chini ya dashibodi, kicheko cha chini kilichotikisa miguu yake nje ya mlango. “Kinapiga,” akasema, “lakini ujumbe haufiki. Kitoe.”

Kilishikwa na bolti moja. Nilikichomoa, nikafungua kifuniko chake kwa kisu cha jikoni. Ndani kulikuwa na kibao chembamba, na nyuma yake nukta za risasi, zile za kulehemu, zinazoshikilia miguu ya vyuma. Baba alizipapasa kwa ncha ya kidole, moja baada ya nyingine, akatikisa kichwa. Kwake zote zilikuwa laini. Akanipa.

Nikakigeuza kwenye mwanga. “Sioni kitu, aabo.”

“Nawe pia?” akasema, na safari hii tukacheka wote.

Siku ya shule iliyofuata niliazima kioo cha kukuzia kwenye kabati la vifaa vya sayansi. Nikakaa barazani karibu na baba, nikazipitia nukta zile. Kwenye moja, ile kubwa zaidi, niliona duara jembamba jeusi lililouzunguka mguu wa chuma, kama mstari wa wanja. Risasi ilikuwa imepasuka pande zote. Nikasukuma mguu ule kwa sindano. Ukacheza kidogo sana.

Nilimweleza, na baba akamalizia mwenyewe. Kikipoa, chuma kinagusa. Kikipata joto, kinaachana. Miaka ya jua la Ghuba, kisha jua letu. Gunia halikuwahi kufanya chochote. Ilikuwa ile chai tuliyokunywa tukingoja, milango ikiwa wazi, jua likishuka.

“Yule fundi wa redio sokoni atalehemu,” nikasema. “Nitapita kesho.”

“Twende sasa,” akasema baba.

Gari lisingeweza kutembea bila kile kisanduku. Mkokoteni wa punda baba hakuutaka. Alisimama, akatoa mkono wake, akashika kiwiko changu. Hakuwahi kuniruhusu nimwongoze. Tulitoka langoni, tukashika njia ya sokoni, mimi nikimwambia kwa sauti ya chini kuhusu mawe na mashimo. Watu walisimama kumsalimu, wengine walidhani amesafiri. Salamu zetu ni ndefu: habari za nyumba, za mifugo, za mvua. Zilipofika kwenye habari za afya, baba alimjibu kila mmoja, “Macho yamekwenda, alhamdulillahi, mengine mazima.” Alisema mara ya kwanza kwa shida. Kufikia maduka ya nguo alikuwa akisema kama mtu anayetaja kijiji anachotoka.

Fundi wa redio alikuwa kwenye kibanda kilichojaa redio zilizofunuliwa matumbo. Alikigeuza kisanduku, akauliza, “Hii ni redio gani?”

“Hii haiimbi,” baba akamwambia. “Fanya tu.”

Chuma cha kulehemu kilikuwa kimekaa kwenye jiko la makaa, kwa kuwa umeme wa mji ulikuwa umekatika. Aliyeyusha nukta zile zote, si ile moja tu, akaongeza risasi mpya. Harufu ya moshi wake ilikuwa kali na tamu. Baba aliomba akishike kabla hakijapoa sawasawa.

Nilikifunga mahali pake jioni hiyo. Siku iliyofuata tuliliacha gari juani tangu asubuhi. Mchana niligeuza ufunguo: tik, nyuki wa nyuma akavuma, injini ikashika. Mama alipiga kigelegele kimoja kifupi, kisha akaona haya akaingia ndani. Baba hakupanda. Alikuwa mtu wa barabara, hakuamini tiba ya siku moja. Alitaka tujaribu kila mchana kwa juma zima, naye akisikiliza kutoka barazani, akiinua kidole mvumo ulipoanza.

Juma lilipokwisha, tukiwa tunakula, akasema, “Nipeleke Masalani. Kwa eeddo yako.”

Eeddo ni shangazi. Huyu alikuwa dada yake mkubwa, aliyemlea baada ya mama yao kufa. Baba hakuwa amemtembelea tangu macho yalipoanza kumtoka. Alimtumia salamu na udhuru kwa kila msafiri: leo kazi, kesho mgongo, siku nyingine mvua.

Tuliondoka baada ya sala ya Alfajiri. Njia ya Masalani siku hizo haikuwa ya kwenda peke yako, kwa sababu ya majambazi, hivyo tulifuatana na lori la mifugo lililokuwa likirudi tupu. Baba alifungua mwenyewe mlango wa kushoto, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Lami ilipokwisha akaanza kunisomea njia kwa sauti ya magurudumu. “Hapa mchanga, shika katikati. Hapa pana mteremko, punguza gia.” Mara nyingi alikuwa sahihi. Mara nyingine barabara ilikuwa imehama tangu zamani zake, nami nikamwambia, akasema, “Basi nieleze ilivyo.” Nikamweleza.

Tulisimama Bura saa ya joto. Dereva wa lori alitaka kula. Hapakuwa na kivuli kilichobaki kwa gari letu, nikaliegesha juani, nikazima, tukaenda kunywa chai. Nilikunywa bila kuonja. Mji ulikuwa mgeni, njia ya mbele ndefu, na lori lisingetungoja. Tuliporudi, viti vilichoma hadi kwenye nguo.

Nilipeleka mkono kwenye ufunguo. Baba akanigusa mkono.

“Niache mimi.”

Alijinyoosha kutoka upande wake, vidole vyake vikatafuta, vikaupata. Aliwasha umeme, akangoja. Tik. Mvumo ukaja kutoka nyuma, mwembamba na wa uhakika, ukakatika kwa wakati wake. Baba alibaki vile vile, ameinama mbele yangu, bega lake likigusa langu, akisikiliza hata baada ya kimya kurudi. Kisha akageuza stata, na injini ikanguruma mara moja. Akarudi kwenye kiti chake, akafunga dirisha kwa ajili ya vumbi.

“Endesha,” akasema.

Eeddo alikuwa nje ya nyumba yake tulipofika, amesimama na fimbo yake, mwembamba na mrefu. Aliona gari geni, akasogea kutazama. Baba aliteremka haraka mno, akitaka kushuka kama mtu anayeona, akakanyaga ukingo wa shimo la taka, akayumba. Nikamdaka. Eeddo aliona yote. Alipeleka mkono kinywani.

“Tangu lini?” akauliza.

“Siku nyingi,” baba akasema.

“Na ukaniambia mgongo.”

Dada yake alimjia, akamshika masikio yote mawili kama anavyoshikwa mtoto, akamwambia maneno makali ambayo sitayaandika. Kisha akalia, kisha akafuta uso kwa ncha ya shashi yake, kile kitambaa cha kichwani, akaita maziwa yaletwe. Alikiweka kikombe mkononi mwa baba, akavikunja vidole vyake kukizunguka, akangoja hadi alipohakikisha kimeshikwa.

“Umekuja na dereva gani?” akamuuliza.

“Nimekuja na binti yangu.”

“Namwona binti yako. Nauliza dereva.”

“Ni huyo huyo,” akasema baba.

Eeddo alinitazama kutoka juu hadi chini, akaguna, akaniongezea maziwa. Walikaa kwenye mkeka mpaka karibu na Magharibi, magoti yao yakigusana, wakizungumza habari za ngamia waliokufa kabla mimi sijazaliwa. Nililala usingizi kidogo kando yao. Nilipoamka baba alikuwa amefika kwenye habari za gari. Alikuwa akieleza kwa mikono yote miwili, mmoja ukiwa kisanduku, mwingine ukiwa risasi iliyopasuka, na dada yake akimsikiliza kwa makini makubwa.

“Kwa hiyo ilikuwa waya,” akasema eeddo.

“Haikuwa waya!” baba akapaza sauti. “Nisikilize vizuri.” Akasogea karibu zaidi, akaanza tena tangu mwanzo.